Nani Alimfundisha Nani? Ladi Kwali na Darasa la Udongo la Abuja

Ukiigeuza noti ya naira 20 ya Nigeria utamkuta mwanamke na mtungi. Upande wa mbele yupo Jenerali Murtala Muhammed, na hilo halishangazi. Noti za bara letu zimejaa majenerali na marais, na wakikosekana wao basi kuna tembo au bwawa la umeme. Lakini nyuma ya noti hii, iliyotoka kwa sura mpya mwaka 2007, yupo mfinyanzi akiwa kazini. Anaitwa Ladi Kwali.

Ladi ni jina la Kihausa la mtoto wa kike aliyezaliwa Jumapili. Kwali ni kijiji chake. Kwa hiyo jina lote ni siku na mahali, basi. Alizaliwa yapata mwaka 1925 miongoni mwa Wagbagyi, ambao vitabu vya zamani huwaita Wagwari, kaskazini mwa pale inapokutana mito ya Niger na Benue. Alifundishwa kufinyanga angali binti mdogo na shangazi yake. (Kiingereza kina neno moja tu kwa shangazi na mama mdogo, nasi tutakwenda na shangazi.)

Sasa soma maelezo mafupi ya maisha yake popote utakapoyakuta. Karibu yote yatakuambia kwamba Ladi Kwali alikuwa mwanafunzi wa kwanza wa kike katika Kituo cha Mafunzo ya Ufinyanzi cha Abuja, chini ya Mwingereza Michael Cardew, kuanzia mwaka 1954. Kwa tarehe na kwa majina hakuna kosa hapo. Shida yangu ni hilo neno mwanafunzi. Mwaka 1954 huyu mama alikuwa anakaribia miaka thelathini, mitungi yake ilikuwa inajulikana mbali na kijijini kwake, na mingine ilikuwa imepangwa ndani ya jumba la Emiri wa Abuja. Mtu wa namna hiyo anaingiaje darasani kama mwanafunzi? Na kama yeye ndiye mwanafunzi, shangazi yake alikuwa nani?

Tuanze na darasa la shangazi, maana ndilo lisiloandikwa.

Mtungi wa Kigbagyi hauanzi kwenye gurudumu. Unaanza na bonge la udongo linalotwangwa kwa ngumi mpaka lipate tumbo, halafu inaongezwa misokoto, yaani kamba nene za udongo zilizoviringishwa kwa viganja, mmoja juu ya mwingine. Kila msokoto unabanwa na kuvutwa juu, ukuta unakuwa mwembamba, chombo kinapanda. Na hapa ndipo penye ajabu kwa mtu aliyezoea kuona wafinyanzi kwenye video wamekaa mbele ya gurudumu linalokwenda mbio: chungu kimetulia tuli, anayezunguka ni mwanamke. Ameinama, mkono mmoja ndani ya mtungi na mwingine nje, anatembea kinyumenyume kuuzunguka, hatua kwa hatua, na ule mwendo wa miguu yake ndio unaofanya mdomo wa mtungi uwe duara. Hana kipimo chochote zaidi ya mwili wake. Mtungi ukishakauka kidogo huchorwa kwa ncha kali: mijusi, nge, nyoka, samaki, mamba, na mistari inayokatiza katikati yao. Halafu vyombo hulundikwa uwanjani, vinafunikwa kwa kuni na nyasi kavu, moto unawashwa. Moto wa namna hiyo hufika nyuzi 600 hadi 900 hivi, si zaidi sana. Unatosha.

Mafunzo ya kazi hii hayana mtaala. Mtoto anaanza kwa kubeba udongo na kuchota maji, anakaa pembeni anaangalia, anapewa kipande cha kuchezea, kazi yake inavunjwa na kurudishwa kwenye lundo, anaanza tena. Sisi wa Kiswahili tuna msemo wetu, udongo uwahi ungali maji, na siku hizi tunautumia kwa watoto tu, kana kwamba udongo ulikuwa mfano wa kupamba maneno. Kwa mfinyanzi msemo huo ni maelekezo ya kazi. Ukichelewa nusu saa kwenye jua la mchana, shingo ya mtungi haikunjiki tena.

Wala si jambo la Nigeria peke yake. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, wamekuwa wakipakia vyungu vyao kwenye mitumbwi kuvipeleka soko la Matema. Upareni ni kazi ya wanawake, na kwa Wakikuyu na Wakamba vilevile, ya kurithishana mama kwa binti. Usidhani hata hivyo kwamba ni sheria ya maumbile: Buganda, wafinyanzi waliokuwa wakilitumikia kasri la Kabaka walikuwa wanaume, na hata huko Uhausani kuna sehemu wanaume hufinyanga. Lakini kwa Wagbagyi udongo ulikuwa wa wanawake, na hilo litakuwa na uzito tutakapofika Abuja.

Cardew naye alikuwa na nasaba yake. Alizaliwa mwaka 1901, akasoma Oxford, na mwaka 1923 akaenda St Ives, Cornwall, kujifunza kwa Bernard Leach. Leach alikuwa ameujifunza ufinyanzi Japani, na alipofungua karakana yake St Ives mwaka 1920 alikuwa pamoja na Mjapani, Shoji Hamada. Tazama basi namna jambo hili linavyosimuliwa. Leach akienda Japani kujifunza, vitabu vinasema alikwenda kujifunza, na walimu wake wa Kijapani wanatajwa kwa heshima. Cardew akienda Afrika, vitabu vinasema alikwenda kufundisha.

Na kweli ndiyo kazi aliyotumwa. Mwaka 1942 alipelekwa Chuo cha Achimota, Gold Coast, Ghana ya leo. Serikali ya kikoloni wakati wa vita ilitaka vigae, matofali na vyombo vitengenezwe hukohuko, meli zisipoteze nafasi kuvileta. Karakana kubwa ikajengwa Alajo, na mwaka 1945 ikafungwa kwa hasara. Cardew akajaribu peke yake huko Vume, kando ya mto Volta, mpaka afya ilipomshinda mwaka 1948. Mtu mwingine angerudi kwao na asitake kulisikia tena jina la Afrika Magharibi. Yeye mwaka 1950 akakubali kazi nyingine, Ofisa wa Ufinyanzi katika serikali ya kikoloni ya Nigeria, chini ya idara ya biashara na viwanda. Akazunguka nchi akitafuta mahali pa kuanzia.

Alipofika Abuja aliiona mitungi kwenye jumba la Emiri, Sulaimanu Barau. Emiri alikuwa mpenzi wa mitungi ya Ladi Kwali, ameinunua na kuipanga nyumbani. Kwa hiyo kabla ya Mwingereza yeyote kuona chochote, kulikuwa tayari na mnunuzi, kulikuwa na jicho la kuchagua, na kulikuwa na sifa iliyosafiri kutoka Kwali mpaka kwa Emiri. Simulizi nyingi zinasema Cardew alimgundua Ladi Kwali. Mimi naona Emiri ndiye aliyemwonesha.

(Na kabla hatujaendelea: Abuja hiyo si jiji lile la leo. Mwaka 1976 Nigeria ilipoamua kujenga makao makuu mapya, jina la Abuja lilichukuliwa likapewa jiji hilo, na mji wa zamani ukabaki kuitwa Suleja. Kijiji cha Kwali chenyewe leo kimo ndani ya eneo la makao makuu. Ukisoma kwamba Ladi Kwali alifanya kazi Abuja, usitafute ile karakana katikati ya majengo ya wizara.)

Kituo kilianza kazi mwaka 1952. Lengo lake lilikuwa wazi: kufundisha gurudumu, tanuri la kuni la kujengwa, na gleizi, ule utando unaong'aa kama kioo juu ya sahani na vikombe vya dukani. Tanuri hilo lilipanda zaidi ya nyuzi 1200, joto ambalo udongo wenyewe unakaribia kuwa jiwe. Wanafunzi wa mwanzo walikuwa wanaume. Kwa Cardew hilo halikuwa na ugumu, maana gurudumu halikuwa kazi ya mtu yeyote pale, lilikuwa geni kwa wote. Walitengeneza majagi, birika, bakuli, vikombe. Kazi nzuri kwa kweli, mimi ni mpenzi wa majagi ya Abuja, yana miili mizito yenye kujiamini. Lakini nani alikuwa anayanunua? Mama wa sokoni alikuwa na kibuyu chake, chungu chake cha bei ndogo, na mabakuli ya bati yaliyopakwa rangi kutoka ng'ambo yalikuwa yameshaanza kumwingia jikoni. Vikombe vya gleizi vya Kituo vilimpita mbali. Wateja wakubwa walikuwa Wazungu na watu wa mjini wenye uwezo.

Ndipo mwaka 1954 akaingia Ladi Kwali.

Alipewa gurudumu, akajifunza kulitumia. Hakukaa nalo sana. Kilichomjengea jina ni kile alichokuja nacho: mtungi mkubwa wa misokoto, uliozungukwa kwa miguu, uliochorwa mijusi na nge. Kituo kiliongeza mambo mawili. Michoro iliyokwaruzwa ilijazwa uji wa udongo mweupe, na chombo chote kikapakwa gleizi ya kijani kibichi au ya rangi nzito, kikaingia kwenye tanuri la joto kali. Mjusi wa Kwali akawa mweupe chini ya kioo cha kijani.

Ni vyombo vizuri mno, sitaki nionekane navidharau. Lakini hapa kuna jambo ambalo msomaji aliyewahi kunywa maji ya mtungini atalielewa haraka kuliko mtaalamu wa makumbusho. Mtungi wa kuchomwa uwanjani una vitundu visivyoonekana. Maji yanapenya taratibu, mtungi unatoka jasho, jasho linakauka kwa upepo, na yanayobaki ndani yanapoa. Ndiyo friji ya mababu, na ndiyo maana maji yale yana ladha yake. Mtungi uliochomwa mpaka ukawa jiwe na kupakwa kioo hautoki jasho. Maji ndani yake yanabaki na joto la chumba. Yaani mara tu mtungi wa Ladi Kwali ulipopita katika tanuri la Kituo uliacha kuwa mtungi wa maji. Ukawa kitu cha kutazamwa, na kitu cha kutazamwa hutafuta watazamaji. Leo upo Victoria and Albert, London, na upo York, kwenye vyumba vya kioo vilivyofungwa vizuri, vikavu kabisa.

Waswahili husema mfinyanzi hulia gaeni. Tumezoea kuusoma msemo huo kama kejeli ya umaskini: anatengeneza vyombo vya wenzake, yeye anakula kwenye kipande kilichovunjika. Abuja unapata maana nyingine kidogo. Mfinyanzi alitengeneza chombo ambacho watu wa kijiji chake wasingekuwa na matumizi nacho hata wangepewa bure.

Je, alionewa? Hapo mimi siko pamoja na wanaofanya haraka kusema ndiyo. Alikuja Kituoni mtu mzima, akakaa miaka mingi, na aliyoyachukua na aliyoyaacha yanaonekana kwenye udongo. Isitoshe hakubaki peke yake. Baada yake walikuja wanawake wengine wa Kigbagyi: Halima Audu, Asibi Ido, Kande Ushafa, Lami Toto. Wakawa na chumba chao cha kazi, Dakin Gwari, yaani chumba cha Wagwari. Ndani ya kituo cha serikali kilichojengwa ili kufundisha gurudumu, kikawepo chumba ambamo gurudumu halikuwa na kazi na chungu hakikuzunguka. Ninaposoma habari za Abuja, hicho chumba ndicho kinachonivuta kuliko tanuri na gleizi zote za Cardew. Lilikuwa ni lile darasa la shangazi limehamia mjini.

Sifa ya Abuja ikavuka bahari. Kazi za Kituo zilioneshwa London katika Berkeley Galleries mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1962 Ladi Kwali mwenyewe alikwenda Uingereza kufinyanga mbele ya watu. Mwaka 1972 alizunguka Marekani pamoja na Cardew na Kofi Athey, mfinyanzi kutoka Ghana. Mpangilio wa maonyesho yale unasema mengi. Cardew alizungumza. Ladi Kwali alifinyanga. Ukitazama filamu na picha za wakati ule unaona duara la watu wamesimama kimya, na mwanamke ameinama anazunguka mtungi kinyumenyume, kwa mwendo uleule wa uani. Wanafunzi wa vyuo walioona wakaenda kujaribu, na wakagundua kwamba kilichoonekana chepesi kinahitaji mgongo, mapaja na miaka. Sasa mtu anayefanya hivyo mbele ya darasa la watu wazima wanaoandika na kupiga picha, tumwite nani kama si mwalimu? Kwamba hakuhutubia si hoja. Shangazi yake naye hakuhutubia.

Heshima zilimfikia, tena nyingi. Uingereza ilimpa nishani ya MBE mwanzoni mwa miaka ya 1960, Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello cha Zaria kilimpa shahada ya heshima ya udaktari mwaka 1977, na serikali ya Nigeria ikaongeza nishani zake mwanzoni mwa miaka ya 1980. Alifariki mwaka 1984, mwaka mmoja baada ya Cardew. Karakana ile ikaitwa kwa jina lake.

Sasa tumlete Mkenya, maana bila yeye hadithi hii ingeishia makumbusho.

Magdalene Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950. Utoto na masomo vilimpitisha India na Kenya, akajifunza sanaa ya matangazo, na mwaka 1971 akaenda Uingereza kuendelea. Huko Cambridge, na baadaye Farnham, akakutana na udongo. Cardew, ambaye alikuwa ameondoka Abuja mwaka 1965, alimhimiza aende akajifunze kule. Mwaka 1974 akaenda. Fikiria msichana wa Nairobi, anayesoma chuo cha sanaa Uingereza, anapelekwa na Mwingereza Nigeria ili akafundishwe na wanawake wa Kiafrika kazi ambayo nyumbani kwao Kenya wanawake wanaifanya kila siku. Njia ndefu hiyo! Odundo mwenyewe aliifupisha baadaye: katika safari zake za 1974 na 1975 alikwenda pia Kenya kuwatazama wafinyanzi wa huko. Kisha akafika New Mexico, San Ildefonso, kwa Wahindi Wekundu wenye ufinyanzi wao mweusi maarufu.

Abuja alikuta kila kitu kimewekwa mezani. Gurudumu lipo. Tanuri la joto kali lipo. Gleizi za Cardew zipo, pamoja na mapishi yake. Na ndani ya Dakin Gwari wapo Ladi Kwali na wenzake. Alikuwa huru kuchukua chochote. Tazama alichokichukua.

Vyombo vya Odundo havina gleizi. Havitoki kwenye gurudumu. Vinajengwa kwa mkono, msokoto juu ya msokoto, vinapakwa uji mwembamba wa udongo na kusuguliwa na kusuguliwa tena mpaka ving'ae vyenyewe, bila kioo. Vikichomwa mara ya kwanza kwenye hewa ya kutosha vinakuwa vyekundu kama machungwa yaliyoiva, na vikirudishwa kwenye tanuri lililonyimwa hewa vinatoka vyeusi. Vina shingo, matumbo, vitovu, midomo iliyopinduka kama vilemba. Kwa maneno mengine, lile ambalo Kituo kilijengwa kulifundisha aliliacha mlangoni, na akatoka na lile ambalo wanawake walikuja nalo. Miaka zaidi ya ishirini ya bajeti ya serikali, ya kikoloni na ya uhuru, ilimpelekea mwanafunzi huyu somo ambalo lilikuwa limeshatolewa bure Kwali kabla Kituo hakijachimbiwa msingi.

Kwa haki, Cardew naye anastahili fungu lake. Bila Kituo, Odundo asingekuwa na pa kufikia, na bila mdomo wa Cardew asingejua pa kwenda. Alikuwa na jicho la kuona kuwa mtungi wa Kwali ulizidi vitu vingi alivyojua kuvitengeneza, na ukaidi wa kukaa Abuja miaka mingi baada ya kushindwa mara mbili Ghana. Ninachokataa ni mpangilio wa majina tu, yeye juu na wao chini, kama orodha ya shule.

Odundo akawa mwalimu. Kuanzia 1976 hadi 1979 alifundisha katika Taasisi ya Jumuiya ya Madola, London, baadaye miaka mingi Farnham, alikosoma, na mwaka 2018 akawa mkuu wa heshima wa chuo kikuu hichohicho. Mwaka 2020 Uingereza ikampa cheo cha Dame. Mwaka 2022, katika jengo la Two Temple Place, London, Jareh Das aliandaa maonyesho ya wanawake weusi wanaofanya kazi na udongo. Yalianza na mitungi ya Ladi Kwali, yakapita kwa Odundo, yakafika kwa wasanii wa leo, wengine wakiwa wamezaliwa baada ya mama wa Kwali kufariki. Cardew alikuwemo pia, kwa vyombo na maelezo, lakini safari hii hakuwa mwanzo wa mstari.

Na mtungi wa Odundo, ukiutazama mdomo wake kwa karibu, ni duara lisilo kamili. Umepotoka kidogo upande mmoja, pale ambapo mtu aliyekuwa anauzunguka alipobadilisha hatua.